Ibada binafsi ya kila asubuhi: mwongozo kamili kwa waliojaribu wakaacha

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Tunatoka kesha la tarehe 31 Desemba sauti zimekauka, kila mtu ameshika karatasi ya ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Biblia ina sura 1,189, kwa hiyo ratiba inadai sura 3 au 4 kila siku. Mwanzo inateremka kama hadithi ya bibi. Kutoka inaenda vizuri mpaka kwenye vipimo vya hema. Ukihesabu siku, utakuta msomaji anaingia Walawi karibu tarehe 28 Januari, wakati karo ya shule imeshakomba kila shilingi nyumbani na akili iko kwingine kabisa. Katikati ya Februari nikiuliza kwenye ushirika wetu wa nyumbani hapa Manyatta, Kisumu, ni nani bado anaendelea, watu huinamisha macho.

Hawa si watu wavivu. Wanakesha usiku kucha wakiomba. Wanafunga siku tatu bila kunung'unika. Bidii wanayo. Kwa miaka niliyotembea nao nimeona wanaangushwa na mambo mawili: wanajitwika mzigo mkubwa mno siku ya kwanza, na hawatendi hata jambo moja katika yale waliyosoma. Mtu akisoma sura nne asitende lolote, baada ya wiki tatu roho yake inazoea kusikia na kupita. Anachoka, na hajui amechoshwa na nini.

Utaratibu ulio hapa chini ni mdogo kwa makusudi. Unachukua dakika 20 asubuhi na 5 jioni, kwa siku 40, ukisoma Injili ya Marko peke yake. Ameutumia Mpentekoste wa Kondele, Mkatoliki mwenye jumuiya yake ndogondogo, na mama wa Kanisa la Marafiki kule Kaimosi. Hautakutoa kwenye kanisa lako.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Biblia ya karatasi. Ya simu haifai kwa kazi hii, na sababu utaiona katika hatua ya 1. Kama Kiswahili cha Union Version kinakupa shida, tumia Habari Njema. Kama lugha inayokufikia moyoni ni Dholuo, Lubukusu au Lulogooli, soma kwa hiyo. Tafsiri hizo zipo.

Daftari la shule na kalamu. Liwe la kutumiwa kwa kazi hii tu. Usichanganye na hesabu za chama.

Taa ya sola au tochi. Stima itapotea, na itapotea asubuhi ile ambayo tayari ulikuwa unatafuta sababu ya kulala.

Kitu cha kukuamsha ambacho si simu unayoangalia mitandao. Saa ndogo ya mezani inatosha. Simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, pia inafaa.

Mtu mmoja atakayeanza nawe siku ileile. Huyu ndiye kifaa ambacho wengi hukiruka, na kila mwaka waliomruka ndio wa kwanza kuacha. Awe wa jinsia yako, awe karibu kiasi cha kuonana uso kwa uso mara moja kwa wiki. Asiwe mchungaji wako, kwa sababu mbele ya mchungaji tunajipanga.

## Hatua ya 1: Amua saa na mahali tangu usiku

Asubuhi si wakati wa kuamua. Mwili ukiulizwa saa 11 alfajiri kama uamke au ulale, utajibu ulale. Kwa hiyo uamuzi ufanye usiku: Biblia iwe imefunguliwa mahali utakapoanzia, kalamu juu yake, leso au sweta kando.

Sisi wa huku tuna msaada ambao hatuutumii. Ikweta inapita pale Maseno, kwa hiyo jua letu huchomoza karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na tofauti ya mwezi mmoja na mwingine ni ndogo. Anza saa 12 kasoro robo. Utaanza gizani, utamaliza kunapambazuka, na mwili utazoea mwanga huo upesi kuliko unavyozoea kengele.

Kama kazi yako ni ya zamu, kama wewe ni muuguzi au mlinzi wa usiku, usilazimishe asubuhi. Chagua tukio badala ya saa: mara tu ukirudi na kuvua viatu, kabla ya kula. Kinachojenga mazoea ni kufuata jambo lilelile kila siku. Dada anayechukua mboga alfajiri soko la Kibuye aliona kwamba asubuhi haiwezekani, akachagua saa 8 mchana wateja wanapopungua. Anageuza kiti chake kidogo, mgongo unakuwa kwa barabara. Majirani wa vibanda sasa wanajua na hawamsemeshi.

Najua utaniuliza kuhusu chumba kimoja. Yesu alisema katika Mathayo 6:6 uingie chumbani, ufunge mlango, na wengi wetu kwenye ploti tuna mlango mmoja tu, na ndani ya mlango huo kuna mume, watoto wanne na jiko. Neno lililotumika pale kwa Kigiriki ni la ghala, chumba cha kuwekea akiba. Aliyekulia kijijini akumbuke dero, ghala la nafaka la nyanya yake. Hakuna anayelala ghalani, na hakuna anayekwenda kukutafuta humo. Tafuta ghala lako. Inaweza kuwa kizingitini huku umejitanda leso kichwani, nyuma ya tangi la maji la ploti, au kanisani kama linafunguliwa mapema na liko karibu. Waambie wa nyumbani: nikiwa nimejitanda hivi, nipeni dakika 20. Watoto huelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Onyo kuhusu simu. Nilijaribu mwenyewe kwa mwaka mzima kusomea kwenye simu. Kila nilipofungua nisome, juu ya kioo kulikuwa na ujumbe wa kikundi cha mazishi, au mtu anaomba nimtumie pesa, na nikiujibu huo dakika 20 zilikuwa zimekwisha. Simu ilale chumba kingine. Kama hakuna chumba kingine, ilale imezimwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Sufuria hiyo imewasaidia watu wengi kuliko mahubiri yangu.

*Utajua hatua hii imeshika* pale utakapokaa mahali pako bila kujadiliana na nafsi yako. Kwa wengi hutokea kati ya wiki ya pili na ya tatu.

## Hatua ya 2: Nyamaza dakika mbili

Kaa. Usiombe bado. Vuta pumzi polepole, useme moyoni, "Bwana, nipo hapa."

Sisi tumezoea maombi ya sauti, na kimya kinatutia wasiwasi. Ndani ya dakika hizo mbili mambo yatakuja mbio: deni, mtoto anayekohoa, maneno ya jana. Usipigane nayo. Kila linalokuja, lione, liache lipite, rudi kwenye yale maneno machache. Kama ni kazi unayoogopa kusahau, andika neno moja nyuma ya daftari, uendelee.

Sababu ya kuanza hivi ni rahisi: mtu akiingia nyumbani kwa mwenzake akianza kuongea mlangoni bila kusalimu, huambiwa kwanza aketi.

## Hatua ya 3: Soma fungu moja, mara tatu

Fungu ni mistari 5 hadi 15, habari moja kamili. Usivuke hapo hata kama una hamu. Kwa mwendo huo siku 40 zitakufikisha karibu na sura ya 10 ya Marko, na kitabu chote chenye sura 16 kitakwisha kwa zaidi kidogo ya miezi miwili.

Nimechagua Marko kwa kuwa ndiyo Injili fupi kuliko zote nne, na ni ya mtu anayetembea. Kuna barabara, kuna ziwa, kuna umati unaobana mpaka watu wanakosa nafasi ya kula (Marko 6:31). Mama mboga akisoma mstari huo anacheka kwa kujitambua.

Mara ya kwanza, soma kwa sauti. Sauti ya chini, midomo ikitembea. Macho hukimbia, mdomo hauwezi kukimbia hivyo.

Mara ya pili, soma kimya ukiangalia kitu kimoja kidogo ambacho hukukiona mwanzo. Habari za Marko zina vitu vidogo vingi, na ndivyo hukufungulia mlango. Chukua ile ya dhoruba, Marko 4:35-41. Mathayo na Luka wanaisimulia pia, lakini Marko peke yake ndiye anayetaja mto. Yesu alikuwa kwenye shetri, yaani upande wa nyuma wa chombo, amelaza kichwa juu ya mto. Mtu wa ufuo wa Dunga anayejua wavuvi wa omena, dagaa wetu, wanaotoka usiku na taa zao, na anayejua upepo wa ziwa letu unavyoweza kubadilika kabla hujamaliza kuvuta wavu, hawezi kusoma hapo haraka. Ni uchovu gani huo unaomlaza mtu wakati maji yanaingia mashuani?

Au chukua Marko 1:29-31. Petro anaishi nyumba moja na mama mkwe wake. Sisi huku, Waluo na Waluhya, tunajua umbali ambao mtu hukaa na mkwe wake, na jinsi wazee wanavyoona kulala naye chini ya paa moja. Yesu anaingia katika nyumba hiyo, anamshika mama huyo mkono, anamwinua. Wewe wa huku unaweza kuona jambo ambalo msomaji wa mbali hulipita tu. Usione haya kusoma Biblia ukiwa mtu wa kwenu.

Mara ya tatu, soma kama mtu aliyemo ndani. Umesimama wapi? Kwa wanafunzi, kwa umati, kwa mgonjwa, kwa wale wanaonung'unika? Chagua kwa ukweli.

Onyo. Ukikutana na jambo gumu, kwa mfano mapepo na nguruwe katika sura ya 5, andika swali kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, uendelee. Mpelekee mwalimu wa Biblia wa kanisa lako Jumapili. Asubuhi si wakati wa kutafuta maelezo kwenye video, kwa sababu video moja ina nyingine nyuma yake, na siku 40 nzima zinaweza kumezwa na nguruwe wale.

## Hatua ya 4: Andika mistari mitatu tu

Watu wawili husumbuka hapa. Wa kwanza huandika mahubiri ya kurasa tatu, anachoka siku ya tano. Wa pili haandiki kitu, kufikia saa 4 hakumbuki alisoma nini. Mistari mitatu inawatosha wote wawili:

1. Nimeona nini?
2. Hapa Yesu ni nani?
3. Leo nitafanya nini?

Huu ni ukurasa wa dada mmoja wa ushirika wetu anayeuza omena. Amenikubalia niuonyeshe, bila jina lake:

> *Jumanne. Marko 4:35-41.*
> *Nimeona: amelala juu ya mto na mashua inajaa maji. Wanamwamsha kwa lawama.*
> *Yesu ni nani: anachoka kama mimi. Na upepo unamsikia.*
> *Leo: namkwepa mwenye ploti tangu tarehe 5. Kabla ya saa 6 nitampigia, nimwambie ukweli juu ya kodi iliyobaki na siku nitakayolipa.*

Angalia mstari wa tatu. Kuna mtu, kuna saa, kuna kitendo ambacho jioni unaweza kusema kimefanyika au hakikufanyika. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameandika, "Leo nitamwamini Mungu zaidi." Hilo ni neno jema, lakini jioni utalipimaje? Nikamwomba aniambie ni jambo gani hasa linalomfanya asimwamini, na kodi ndiyo iliyotoka.

Ukikosa cha kuandika kwenye mstari wa tatu, jiulize moja kati ya haya: Kuna mtu wa kumwambia neno? Kuna kitu cha kurudisha? Kuna kitu cha kuacha kwa leo tu? Kuna mtu wa kumshukuru? Kama bado ni kimya, andika "leo nashukuru tu," na utaje kwa nini. Kuna siku za namna hiyo.

## Hatua ya 5: Omba kutokana na ulichosoma

Sasa omba, na uanzie kwenye mistari yako mitatu. Aliyeandika juu ya dhoruba aanze na dhoruba. Kinachochosha maombi ya wengi ni kwamba kila asubuhi wanarudia orodha ileile kwa mpangilio uleule. Fungu la siku hukupa maneno mapya bila wewe kuyatafuta.

Baada ya hapo pita kwenye Sala ya Bwana polepole, ukisimama kila kifungu na kutia mambo yako ndani yake. "Mkate wetu wa kila siku" ni mahali pa kutaja unga, karo, kazi. "Utusamehe deni zetu" ni mahali pa kutaja ulichokosa jana kwa jina lake. Kisha waombee watu watatu, si thelathini. Wataje.

Omba kwa lugha unayoota nayo. Nimewasikia watu wazima wakiomba kwa Kiswahili cha kanisani miaka yote, na siku walipomwita Mungu *Nyasaye* kama alivyomwita mama yao, machozi yakawatoka.

Dakika 8 zinatosha. Kama una dakika 40 siku fulani, omba dakika 40, ila usizifanye kipimo cha kesho.

## Hatua ya 6: Tenda kabla jua halijatua

Hapa ndipo penye mwongozo wote. Kama una nguvu ya kushika hatua moja tu, shika hii.

Yakobo 1:22-24 anamfananisha anayesikia bila kutenda na mtu aliyejitazama kwenye kioo, akaenda zake, akasahau sura yake. Na agizo la Yesu mwishoni mwa Mathayo halisemi tu wafundishwe. Linasema wafundishwe kuyashika. Mwanafunzi hukua kwenye kushika. Fundi anayejifunza ushonaji hapo mjini hawi fundi kwa kutazama mishono. Anapewa kitambaa, anaharibu, anafumua, anashona tena.

Kwa hiyo:

Nakili mstari wa tatu kwenye kikaratasi, uweke mfukoni au kwenye kibeti. Kijana mmoja wa bodaboda hapa Kondele hukibandika ndani ya kofia yake ya pikipiki. Kila akiivua kumpa abiria nafasi ya kulipa, anakiona.

Fanya mapema. Jambo la kutii likisukumwa hadi jioni hukua na kutisha. Dada wa omena alipiga simu saa 3 asubuhi akiwa bado na ujasiri wa maombi. Mwenye ploti hakufurahi. Alimpa wiki mbili. Sikuambii haya ili udhani kila utii huleta jibu jema. Wiki hiyohiyo mwingine alikiri kosa kwa ndugu yake na ndugu huyo amekataa kuongea naye hadi sasa. Alitii, na tuliendelea kuomba naye.

Fanya kwa ukubwa wa leo. Kama deni ni 6,000 na una 200, leo ni 200 na neno la kweli.

Maonyo matatu, na nayasema kwa uzito.

Kama jambo ni kupatana na mtu aliyekupiga, aliyekubaka au anayekutishia, usiende peke yako, na usione kwamba siku 40 zinakudai umrudie. Kusamehe ni jambo la moyoni mwako na Mungu. Kukaa karibu na mtu wa hatari ni jambo jingine. Zungumza kwanza na mtu mzima unayemwamini, na mahali panapohitaji polisi au hospitali, nenda huko.

Pili, mtu yeyote akikuambia kwamba utii wa fungu lako ni kumtumia yeye pesa, funga mazungumzo. Sadaka utaitoa kanisani kwako kwa moyo wako.

Tatu, usitii kwa kutangaza. Usipige picha daftari na kuiweka kwenye hali ya WhatsApp. Utapata pongezi, na kesho utaandika kwa ajili ya pongezi hizo.

## Hatua ya 7: Dakika tano za jioni

Kabla ya kuingia kwenye neti ya mbu, fungua daftari. Weka alama ya tiki kando ya mstari wa tatu kama ulitenda, au alama ya duara kama hukutenda. Usijieleze. Kisha pitia siku yako kama mtu anayerudi njia aliyoijia: wapi nilihisi Mungu yuko karibu? Wapi nilimkimbia? Sema asante kwa la kwanza, samahani kwa la pili, ulale.

Ukiona duara siku tatu mfululizo, usiongeze bidii. Punguza ukubwa wa jambo unaloandika. Karibu kila mara mtu ameandika utii wa mwezi mzima ndani ya siku moja.

## Hatua ya 8: Saa moja na mwenzako kila wiki

Kutaneni siku ileile, kwa chai. Msifanye mkutano wa maombi, msialike watu wengine, msifundishane. Kila mmoja ajibu maswali haya:

- Fungu gani lilikushika wiki hii? Lisomee mwenzako.
- Ulitenda nini? Nini hukutenda?
- Unataka nikuombee nini kabla ya wiki ijayo?

Msikilizaji asikimbilie kushauri. Swali la pili litakuwa gumu wiki mbili za kwanza, mtajibizana kwa maneno ya kanisani. Wiki ya tatu mmoja atasema kitu cha kweli, na tangu hapo mambo hubadilika. Mnayosema hayatoki hapo, hata kwa jina la ombi la maombi. Urafiki mwingi katika makanisa yetu umekufa kwa "mwombeeni fulani, ana shida hii."

Mwenzako akiwa Nakuru kikazi na wewe Kisumu, pigianeni simu wiki hiyo, lakini isiwe ndiyo kawaida. Uso una mambo ambayo sauti inaficha.

## Kuhusu kufunga

Wengi huuliza. Kama mwili wako ni mzima, acha chakula cha mchana siku moja kwa wiki, na pesa ya chakula hicho impe mtu mwenye njaa siku hiyohiyo, kwa roho ya Isaya 58:7. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na yeyote anayetumia dawa zinazohitaji chakula, asiache kula. Afunge mitandao ya simu kutoka saa 12 jioni hadi asubuhi. Hiyo nayo huuma.

## Ukikosa siku

Utakosa. Kutakuwa na msiba, utasafiri usiku kwenda Kakamega, utalala kwenye benchi la hospitali na mtoto. Sheria ni moja: usilipe deni la siku uliyokosa. Usisome mafungu mawili kesho. Fungua fungu lililofuata pale ulipoachia, andika tarehe ya leo, endelea. Anayejaribu kulipa siku tatu kwa mkupuo atarudi palepale alipoangukia Walawi.

Ukikosa siku mbili mfululizo, mtumie mwenzako ujumbe wa neno moja: "Nimekosa." Naye ajibu, "Kesho." Basi.

Na kama unafungua Biblia kila siku lakini moyo ni mzito wiki baada ya wiki, usingizi umepotea, chakula hakina ladha, hutaki kuona mtu, hiyo si dhambi ya uvivu. Mwambie mchungaji au padri wako, na uende hospitali pia. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika alianza kwa kumpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

## Utajuaje kwamba inafanya kazi

Usitafute msisimko. Siku nyingi utasoma, utaandika, utaomba, na hutahisi chochote cha ajabu. Angalia mambo madogo badala yake: jibu kali limefika mdomoni na umelimeza. Mteja amekuzidishia chenji na mkono umerudisha kabla hujafikiri. Umemkumbuka mtu kwa jina lake katikati ya kazi ukamwombea ukiwa umesimama.

Ushahidi mzito zaidi hutoka nyumbani. Siku ya 40 mwulize anayeishi nawe kama ameona tofauti yoyote, na unyamaze asikie swali. Mume wa dada mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Siku hizi ukinikosoa, unaketi kwanza."

## Mafungu ya wiki ya kwanza

Anza Jumatatu. Jumapili jioni weka daftari na Biblia mahali pake, na mwambie mwenzako saa utakayoamka.

- Jumatatu: Marko 1:1-8
- Jumanne: Marko 1:9-15
- Jumatano: Marko 1:16-20
- Alhamisi: Marko 1:21-28
- Ijumaa: Marko 1:29-34
- Jumamosi: Marko 1:35-39. Hapa Yesu mwenyewe ameamka kukiwa bado giza, na watu wanamtafuta.
- Jumapili: Marko 1:40-45, kabla ya kwenda kanisani. Msabato abadilishe siku hizi mbili za mwisho zimfae.

Siku ya nane ni Marko 2:1-12. Unapoisoma mara ya pili, hesabu waliombeba mgonjwa, kisha uandike jina la mtu ambaye wiki hiyo unaweza kumshikia kona moja ya mkeka.